Mkasi Ndani ya Tangi la Samaki

Mimea hai ikishazoea makazi mapya, tangi la samaki hufikia hali ambayo mwenye nalo hulifurahia na wakati huohuo huogopa kuligusa. Majani yamefika juu ya maji na kuanza kulala, shina limeegemea shina, samaki wadogo wanajipenyeza katikati kama watu wanaokatiza kichakani, na kila mgeni anayeingia sebuleni husimama kutazama. Hapo ndipo wengi huacha kutia mkono majini. Wapo wanaohofia kuharibu kilichopendeza, na wapo wanaodhani kukata ni urembo tu, kama kunyoa nywele: anayetaka anyoe, asiyetaka afuge. Nadhani wote wawili wamekosea mahali pamoja. Mmea wa tangini huifanya kazi ya kusafisha maji hadi nusu ya njia. Nusu iliyobaki ni ya mkasi, na mkasi usipofika, hata ile nusu ya kwanza hupotea bure.

Jambo hili lilionekana tangu siku za mwanzo za kufuga samaki na mimea pamoja kwenye kioo. Mwaka 1779 tabibu Mholanzi Jan Ingenhousz alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba majani yaliyozamishwa majini hutoa viputo vya hewa safi yakipigwa na mwanga, na kwamba gizani hayafanyi hivyo. Miaka sabini na kitu baadaye, mkemia wa London, Robert Warington, alitaka kujua kama kwa nguvu hiyo ya majani samaki wanaweza kuishi kwenye maji yasiyobadilishwa. Alitia samaki wawili wadogo wa dhahabu kwenye chombo cha kioo, chini kukiwa na mchanga na tope, akapanda Vallisneria, mmea wa majani marefu membamba kama utepe. Matokeo aliyaeleza mbele ya wakemia wenzake mwaka 1850. Mwanzoni yote yalikwenda vizuri. Kisha majani ya zamani yakaanza kuoza, maji yakapata ukungu, na utando wa kijani ukaanza kuota. Warington alitia konokono wachache, nao wakayala yale yaliyooza mpaka maji yakarudi kung'aa. Kwa kawaida jaribio hili husimuliwa kama ushahidi kwamba mimea na samaki hutoshelezana. Ukilifuatilia hatua kwa hatua linasema lingine kabisa: mimea na samaki peke yao walishindwa, na tangi liliokolewa na kinywa cha tatu kilichoondoa majani yaliyozeeka.

Ili kuelewa kwa nini, tufuate chakula. Chukua tangi la lita 100, na tuseme samaki wake hupewa nusu gramu ya chakula kikavu kila siku, yaani gramu 3.5 kwa wiki. Chakula cha samaki cha dukani mara nyingi huwa na protini asilimia 40 hivi, na katika protini nitrojeni ni kama asilimia 16. Kwa hesabu hiyo, kila wiki tangi linapokea takriban gramu 0.22 za nitrojeni. Kiasi fulani hujenga mwili wa samaki. Sehemu kubwa hutoka tena, hasa ikiwa amonia inayopita kwenye matamvua yao, na amonia ni sumu. Bakteria waishio kwenye mchanga na kichujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina ukali huo lakini hujilimbikiza wiki baada ya wiki. Mimea hula vyote viwili, amonia na nitrati, na kuvifanya majani. Sasa tazama upande wa pili wa mizani. Mmea wa majini zaidi ya asilimia 90 ni maji matupu. Gramu 100 za vipande vibichi, yaani konzi moja iliyojaa vizuri, zikikauka hubaki gramu 8 hivi, na ndani ya hizo nitrojeni ni kama asilimia 3: gramu 0.24. Ni makadirio, na kila tangi lina yake, lakini jibu lake linashangaza kwa ulinganifu. Konzi moja ya majani inayotolewa kila wiki inakaribia kubeba nitrojeni yote iliyoingia na chakula cha wiki hiyo.

Neno zito hapo ni kutolewa. Nitrojeni iliyo ndani ya jani haijaondoka tangini, imewekwa ghalani. Jani likinyauka, likadondoka na kuozea nyuma ya jiwe, ghala limefunguliwa, na amonia ileile inarudi majini, tena bakteria wa uozo wakitumia oksijeni kuirudisha. Ndiyo maana tangi lililosheheni mimea iliyokomaa isiyoguswa laweza kuwa na maji machafu kuliko tangi la mimea michache inayokatwa na kuendelea kukua. Macho hudanganywa na wingi wa kijani. Kinachosafisha maji ni ukuaji mpya, na ukuaji mpya unahitaji nafasi na mwanga.

Mwanga ndio wa kwanza kukosekana. Shina likishafika juu ya maji hulala na kutandaza majani, na yale ya chini hubaki kivulini. Jani lisilopata mwanga halijilishi. Hugeuka manjano, kisha kuwa kama karatasi iliyoloa, kisha hukatika. Mtu akitazama tangi kwa juu huona bustani, akiinama kutazama chini huona vijiti vitupu vimesimama kwenye tope la majani. Maji nayo hukwama katikati ya msongamano, uchafu ukatulia humo usifike kwenye kichujio. Na kuna suala la usiku, ambalo wafugaji wengi hulijua kwa hasara. Mchana mimea hutoa oksijeni kuliko inayotumia. Taa ikizimwa utoaji husimama, ila kupumua hakusimami: samaki wanapumua, bakteria wanapumua, na mimea yenyewe, kila jani, inapumua. Oksijeni hushuka usiku kucha na kufikia chini kabisa kabla ya alfajiri. Tangi likiwa na msitu mzito na uozo mwingi chini, samaki hukutwa asubuhi wamepanda juu wanahema. Umeme ukikatika usiku na pampu ikasimama, hali hiyo yaweza kuwamaliza kabla hakujapambazuka. Lawama yote hupewa umeme, wakati sehemu yake ilikuwa ikiota tangini kwa miezi.

Kukata kwenyewe ni kazi ya kuvutia kwa anayeitazama kwa karibu. Sogeza uso karibu na kioo uangalie mmea wa shina, kama Hygrophila au Bacopa. Shina lina vifundo kama muwa mwembamba, kila kifundo kina majani mawili yaliyoelekeana, na kwenye kwapa la kila jani kuna jicho dogo la kijani, mara nyingi halizidi punje ya ulezi. Weka mkasi juu kidogo ya kifundo na ukate mara moja. Kama taa imewaka kwa saa kadhaa na mmea una afya, papo hapo utaona uzi wa viputo vidogo ukipanda kutoka kwenye kidonda, kimoja baada ya kingine, kama shanga zinazotungwa kuelekea juu. Ni hewa yenye oksijeni nyingi iliyokuwa ikipita kwenye mifereji ya ndani ya shina. Wanafunzi wa biolojia huhesabu viputo vya namna hii kupima kasi ya usanisinuru. Baada ya wiki moja au mbili, yale macho mawili yamefunguka na shina moja limekuwa mawili. Sababu yake ni homoni iitwayo oksini, ambayo hutengenezwa kwenye ncha, hushuka kupitia shina na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ukiondoa ncha, umeondoa kizuizi. Mama anayechuma matembele au mchicha nyuma ya nyumba analijua hili kwa mkono wake hata kama hajawahi kulisikia jina la homoni hiyo: ukichuma vizuri, yanazidi. Chai ya Kericho na Mufindi inakaa chini kama meza ya kijani kwa sababu hiyohiyo. Ikiachwa bila kuguswa, mchai ni mti.

Kipande cha juu kilichokatwa si taka iwapo tangi lina sehemu tupu. Ondoa majani kwenye vifundo viwili vya chini, ukizike mchangani kwa kibano, kitatoa mizizi kama pingili ya muhogo. Mashina ya zamani yakishabaki vijiti vitupu, ni bora kuyang'oa na kupanda vichwa vyake mahali pake. Mkasi uwe mkali, maana mkasi butu hubana shina na kuliponda, na sehemu iliyopondwa huoza. Kabla ya kuanza, zima kichujio, na pia kipasha maji kama utashusha kina. Ukimaliza, pitisha wavu juu ya maji ukusanye kila kipande. Kazi ya dakika kumi iliyoishia kwenye vipande vinavyoelea haijafanyika, kwa sababu vitaozea humohumo.

Lakini si kila mmea hukatwa kichwa, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Vallisneria, ule mmea wa Warington, hauna shina la kukata. Majani yake huchipua kutoka kwenye kitako chini, na ukikata ncha ya jani haitarefuka tena kwa uzuri. Ukingo hubadilika rangi kuwa kahawia. Jani lililozeeka liondoe lote, ulikate karibu na mchanga. Kinachohitaji ukali zaidi ni mikono yake, inayotambaa mchangani kama ukoka na kutoa mche mpya kila hatua. Isipodhibitiwa, miezi michache inatosha kuufanya mche mmoja kuwa ukuta. Anubias nao, ambao asili yake ni vijito vya misitu ya Kamerun, Nigeria na Kongo, hukua polepole mno, na jani lake moja hukaa muda mrefu hadi hupata madoadoa ya mwani yasiyofutika. Shina lake nene hulala kama tangawizi. Kata kikonyo cha jani la zamani karibu na shina hilo, na usilifukie shina lenyewe mchangani, maana huoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha gogo. Ukitaka kuugawa, kila kipande kibaki na majani yasiyopungua matatu au manne. Mimea inayoelea haihitaji hata mkasi: chota nusu yake kwa mkono kila inapofunika uso wa maji.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba ziwani hakuna mkasi. Ni hoja inayostahili kujibiwa vizuri, kwa kuwa anayeisema anapenda kile anachokipenda kila mfugaji, yaani maji yanayojiendesha yenyewe. Tuchukue Ziwa Tanganyika, ambako samaki wa mapambo huvuliwa na kusafirishwa hadi kwenye matangi ya Ulaya, na ambako Vallisneria huota kwenye ghuba zenye mchanga. Humo wakataji wapo, tena wengi: wapo perege wa aina zinazokula majani, wapo konokono na viboko, na yapo mawimbi yanayong'oa na kutupa ufukweni. Zaidi ya hayo, ziwa hilo lina urefu unaozidi kilomita 650 na kina kinachofikia mita 1,470. Hakuna sebule yenye maji ya kiasi hicho kwa kila samaki. Tangi ni ghuba ndogo iliyonyimwa wakataji wake na kuongezewa chakula kutoka kwenye kopo. Hata Takashi Amano, Mjapani aliyetumia maisha yake kufanya matangi yafanane na mandhari ya asili mpaka akauita mtindo wake Akwaria ya Asili, aliiweka mikasi katikati ya kazi hiyo. Tangi lake kubwa la mwisho lilizinduliwa Lisbon mwaka 2015, mwaka alioaga dunia. Lilikuwa na urefu wa mita 40, na wazamiaji waliingia ndani yake kukata mimea. Uasilia ulioonekana pale ulitunzwa kwa mkono wiki hadi wiki.

Wengine husema kwamba wakikata, mwani hulipuka. Wanasema kweli. Ukiondoa nusu ya majani kwa siku moja, umepunguza ghafla walaji wa amonia na nitrati huku samaki wakiendelea kula vilevile na taa ikiwaka vilevile. Chakula na mwanga vilivyobaki bila mwenyewe huchukuliwa na mwani. Ushahidi huu hauupingi mkasi. Unaonyesha tu kwamba majani yalikuwa kazini na kwamba yamepunguzwa kwa pupa. Usizidishe theluthi moja ya mimea kwa mara moja, badilisha robo ya maji baada ya kukata, na punguza chakula cha samaki kwa siku mbili tatu. Kukata kidogo mara kwa mara hakumshtui yeyote. Tahadhari pekee ya kutajwa ni Cryptocoryne, mmea wa Asia usiopenda misukosuko: ukiguswa sana, majani yake huyeyuka yote kwa siku chache, na mwenyewe huung'oa akidhani umekufa. Auache. Mizizi ikiwa hai, utachipua upya.

Pingamizi gumu zaidi ni hili: kama shida ni nitrati, si ubadilishe maji tu? Kubadilisha maji huondoa nitrati kweli, na mkasi hauji kuchukua nafasi yake. Lakini ndoo hubeba kile kilichokwisha kuwa nitrati, wakati mmea hudaka mapema, kwenye amonia yenyewe. Mmarekani Diana Walstad, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu ekolojia ya akwaria zenye mimea, alikusanya matokeo ya tafiti yanayoonyesha kwamba mimea mingi ya majini huanza kuchukua amonia kabla ya nitrati. Ndoo pia haifiki kwenye kivuli, kwenye msongamano wala kwenye upungufu wa oksijeni usiku. Na kwa familia inayonunua maji kwa dumu, kila lita isiyolazimika kumwagwa ina thamani. Kuhusu konokono wa Warington, hoja ni fupi. Wanasaidia kuzuia uozo, ila hawapeleki kitu nje. Jani wanalolila hurudi majini likiwa kinyesi. Walitosha kwa samaki wawili wadogo. Kwa samaki kumi na tano wanaolishwa kila siku, hawatoshi. Mimea ya plastiki nayo haidai kukatwa, ni kweli, lakini haili chochote, na mwani huipanda kama unavyopanda kioo.

Limebaki swali la vile vipande vyenyewe, na kwangu hili lina uzito kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu kosa la hapa haliishii sebuleni. Kipande chenye kifundo kimoja ni mmea mzima unaosubiri maji. Ukikimwaga mferejini hufika mtoni, na mto hufika ziwani. Gugu maji, lenye asili ya bonde la Amazoni, lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake ya zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana Ziwa Victoria, na katika miaka iliyofuata likafunga mialo, likazuia mitumbwi na kuziba mabomba, hadi wadudu maalumu wa jamii ya fukusi walipoletwa kulila. Ziwa Naivasha nalo lilivamiwa na Salvinia, jimbi linaloelea majini kutoka Brazili, mmea uliowahi kuuzwa sehemu nyingi za dunia kwa ajili ya matangi. Mwaka 1984 mwani wa baharini wa mapambo, Caulerpa taxifolia, ulionekana ukiota baharini mbele ya jumba la akwaria la Monako, kisha ukatambaa chini ya Bahari ya Mediterania. Hakuna hata mmoja kati ya mimea hiyo uliofika huko kwa miguu yake.

Kwa hiyo konzi ya wiki isiende chooni, mferejini wala jalalani karibu na maji. Ianikwe juani kwenye bati au gunia hadi ikauke kabisa na kuvunjikavunjika mkononi, kazi ya siku mbili tatu wakati wa jua kali, kisha ichanganywe na udongo au kutiwa kwenye mboji. Gramu mia zile zitakuwa zimebaki nane, nyepesi na nyeusi kama majani makavu ya chai. Ndani yake mna nitrojeni iliyoingia nyumbani kwenye kopo la chakula cha samaki, na tuta la mchicha nje ya dirisha litaipokea.